Piriti karibu na ufa: ilizaliwa na mashapo au ililetwa na maji moto?

Piriti, madini ya njano yanayong'aa yaliyoundwa na chuma na salfa, ikionekana kwenye mwamba wa mashapo uliokatwa na ufa, wengi hukimbilia jibu moja: ufa ndio ulioileta. Jibu hilo linavutia, na mara nyingi si kweli. Miamba ya matope meusi hujaa piriti hata pale ambapo hakuna ufa kwa kilomita nyingi, na ufa ukija kupita humo baadaye huikuta piriti iko nyumbani kwake. Hata hivyo ipo piriti iliyopanda kweli na maji moto kupitia ufa, na hiyo ndiyo inayoweza kuandamana na dhahabu, zinki au risasi. Ukizichanganya hizi mbili utatumia fedha ya maabara bure, au utapita juu ya madini bila kuyaona.

Nitaziweka ubavu kwa ubavu kwa kufuata mambo ambayo mtu anaweza kuyakagua: zilivyozaliwa, maumbo yake, mahali zilipokaa ndani ya mwamba, kisha kemia. Mambo haya hayana uzito sawa. Mahali ilipokaa kunapita vyote, na nitaeleza kwa nini. Ninaposema ufa, nina maana ya mpasuko ambao pande zake mbili zimesogea, si kila mwanya unaoonekana kwenye jiwe.

Kabla ya yote hakikisha ni piriti. Hukwaruza kioo, kisu cha kawaida hakiiwezi, na ukiisugua kwenye kigae cheupe kisichong'arishwa huacha mstari mweusi wenye ukijani. Dhahabu ni laini na mstari wake ni wa njano. Kalkopiriti, yenye shaba, ina njano iliyokolea zaidi na kisu huikwaruza. Hilo limekwisha, tuendelee.

Zinavyozaliwa

Piriti ya mashapo huanzia kwenye matope ya sakafu ya bahari. Viumbe hufa, mabaki yao huzikwa, na chini kidogo ya uso wa matope oksijeni huisha. Hapo bakteria hugeukia salfeti, yaani salfa iliyoungana na oksijeni, iliyomo kwenye maji, takriban gramu 2.7 kwa kila lita ya maji ya bahari, na kuitumia kama sisi tunavyotumia oksijeni. Wanachotoa ni haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza. Gesi hiyo ikikutana na chuma kilichomo kwenye udongo hutokea kwanza salfaidi nyeusi ya chuma isiyo imara, kisha piriti. Kazi yote hufanyika kwenye ubaridi wa kawaida wa sakafu ya bahari, bila moto na bila ufa.

Mambo matatu yanahitajika: mabaki ya viumbe, salfeti, na chuma kilicho tayari kushiriki. Likikosekana moja, piriti hupungua. Ndiyo maana matope ya maziwa ya maji baridi, ambayo salfeti yake ni kidogo, kwa kawaida huwa na piriti haba ingawa mabaki ya mimea yamejaa. Katika matope ya bahari ya leo yenye maji ya kawaida, uzito wa kaboni ya viumbe ukigawanywa kwa uzito wa salfa ya piriti hukaribia 2.8. Uwiano huu ni wa manufaa sana. Kama mwamba wako ni wa bahari na hesabu yake inaangukia humo, piriti yote inaelezeka bila kuutaja ufa hata mara moja. Salfa ikizidi sana kuliko kaboni inavyoruhusu, ndipo swali linapoanza: ama bahari ile haikuwa na oksijeni hadi kwenye maji yenyewe, ama kuna salfa iliyotoka nje.

Piriti ya maji moto ina safari tofauti. Maji yenye chumvi hupata joto chini sana, huyeyusha metali njiani, kisha hupata njia ya kupanda. Ufa uliovunjavunja mwamba ndiyo njia hiyo. Yakifika juu hupoa, hupoteza mgandamizo, au hukutana na mwamba wa aina nyingine, na mzigo wake hushuka. Kuna jambo hapa ambalo watu husahau: maji hayo si lazima yalete chuma. Mara nyingi huleta salfa tu, na chuma hutoka kwenye mwamba wenyewe, kwenye kaboneti au udongo uliokuwepo. Kwa hiyo piriti inaweza kuwa ya ufa kwa salfa yake na ya mwenyeji kwa chuma chake.

Na kinyume chake kipo. Huko Navan, Ireland, zinki na risasi zilipanda kupitia nyufa hadi kwenye chokaa ya kipindi cha Kaboniferasi, lakini sehemu kubwa ya salfa iliyozikamata ilitengenezwa na bakteria wa baharini. Ufa ulileta metali, bakteria wakaleta salfa. Ukiulizwa kama madini hayo ni ya mashapo au ya maji moto, swali lenyewe limekaa vibaya. Inabidi uulize kitu kimoja kimoja: chuma kimetoka wapi, salfa imetoka wapi, na vilikutana lini.

Maumbo, na pale yanapodanganya

Umbo linalotambulisha piriti ya mashapo kuliko yote halionekani kwa macho. Ni framboidi: kijidonge cha mviringo chenye mamia au maelfu ya fuwele ndogo zenye ukubwa unaokaribia kulingana, zimekusanyika kama tunda la forsadi. Kipenyo chake mara nyingi ni kati ya mikromita 5 na 20 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Pale ambapo maji ya bahari yenyewe yalikuwa na haidrojeni salfaidi, framboidi ziliundwa zikiwa bado zinaelea na zikazama kabla ya kukua, kwa hiyo huwa ndogo, wastani wa mikromita 5 hivi, na zinafanana kwa ukubwa. Zilizokua ndani ya matope chini ya maji yenye oksijeni ni kubwa zaidi na zimechanganyika. Framboidi chache zimewahi kuonekana kwenye mishipa ya maji moto pia, yaani mianya ya mwamba iliyojazwa madini, lakini ukizikuta zimetapakaa sawasawa kwenye tabaka zima la matope, huhitaji kutafuta chanzo kingine.

Yanayoonekana kwa macho ni vinundu, sahani na visukuku. Sparta, katika jimbo la Illinois, Marekani, mwamba wa matope ulio juu ya makaa ya mawe hutoa sahani bapa za piriti zenye mionzi inayotoka katikati, zilizotanda kwenye ubapa wa tabaka. Kwenye miamba ya Hunsrück nchini Ujerumani, ya kipindi cha Devoni, piriti imefunika na kujaza miili ya wanyama wa baharini hata sehemu laini zimebaki. Na katika jimbo la New York lipo tabaka la kipindi cha Odovisi lenye trilobiti, wanyama wa kale wa baharini waliokwisha kutoweka, waliohifadhiwa na piriti pamoja na miguu na vipapasio vyao. Miguu ya trilobiti haikai muda mrefu baada ya kifo, kwa hiyo piriti hiyo ilifika mapema sana, mzoga ukiwa bado unaoza.

Piriti ya maji moto kwa kawaida huwa na fuwele wazi: kete za pande sita, maumbo ya pande nane, au yale ya pande kumi na mbili za pembe tano. Hukaa kwenye mishipa pamoja na kwotsi au kalsaiti, ama huunganisha vipande vya mwamba uliovunjika. Kwenye kete utaona michirizi myembamba, na michirizi ya uso mmoja huelekea njia inayokatana na ile ya uso wa jirani.

Hapa ndipo kete zinapowapoteza wengi. Zile kete kubwa, safi kama zimechongwa, zinazotoka Navajún huko La Rioja, Hispania, hazikukua kwenye mshipa wa ufa. Zimo ndani ya mwamba laini wa matope yenye chokaa, na zilikua pale mashapo yalipozikwa kwa kina na kupashwa joto, hata yakaanza kugeuka. Vilevile framboidi zikipashwa joto hujipanga upya na kuwa fuwele zenye kingo. Kwa hiyo kete nzuri inakwambia kwamba fuwele ilipata nafasi na muda wa kukua. Haikwambii kitu kuhusu ufa. Mimi umbo peke yake silipi uzito mkubwa, isipokuwa framboidi na visukuku.

Mahali ilipokaa: hapa ndipo ukae muda mrefu

Chukua kinundu cha piriti kilichomo kwenye mwamba wa matope, ukate kipande chake kwa msumeno wa mawe, ukilowanishe maji na uangalie kwa lenzi ya mkononi. Fuata tabaka moja jembamba kutoka pembeni. Linakuja limenyooka, likikaribia kinundu linapinda, moja linapita juu na jingine chini, kisha yanakutana tena upande wa pili. Ukibahatika utaona tabaka zinaendelea hata ndani ya kinundu, na humo ndani ni nene kuliko nje. Maana yake ni kwamba kinundu kiliganda matope yakiwa bado laini na yamejaa maji, na uzito wa juu ulipokuja kuyakandamiza, kinundu kilikataa kubonyea. Ufa hauwezi kuwa umeleta kinundu hicho, kwa sababu mwamba unaoweza kupasuka haukuwepo bado.

Sasa linganisha na piriti ya mshipa. Inakata tabaka, haizipindishi. Ukiifuata inaishia kwenye mwanya, au inatanuka pale mshipa ulipopinda na kuacha nafasi. Kwenye mwamba uliovunjwavunjwa, vipande vyenye pembe kali vinaelea ndani ya piriti, na ukivitazama vizuri unaweza kuvirudisha vipande hivyo kwa macho mahali vilipotoka.

Ndani ya ufa wenyewe kuna ushahidi mwingine, na ndio ninaoupenda zaidi. Piriti ikiwa imesagwa na kupakwa kwenye uso wa ufa hata uso unang'aa na kuwa na mikwaruzo inayoelekea upande mmoja, basi ilikuwepo kabla ya msogeo huo. Ikiwa inaunganisha vipande vilivyosagika, ilikuja baada ya kuvunjika huko. Tatizo ni kwamba ufa hausogei mara moja. Unaweza kuvunjika, ukafungwa na piriti, ukavunjika tena, na kipande kimoja cha mkononi kikawa na hali zote mbili. Ukikikuta hivyo usihangaike kuchagua moja. Andika mfuatano.

Kwenye miamba iliyobanwa, angalia pia pembeni mwa fuwele. Punje ya piriti ni ngumu, na mwamba ukinyooka kuizunguka huacha vijinafasi pande mbili ambavyo hujazwa na nyuzi za kwotsi au kalsaiti. Nyuzi hizo zikiwepo, punje ni ya zamani kuliko mbano.

Kisha pima kwa umbali. Chukua sampuli ufani, halafu uzidi kusogea mbali ukifuata tabaka lilelile, hadi mahali ambapo huoni tena dalili za kuvunjika. Piriti isiyobadilika kwa umbali ila inabadilika kutoka tabaka moja hadi jingine ni ya mashapo. Inayopungua kadiri unavyotoka ufani ina uhusiano na ufa. Lakini kuwa mwangalifu na mwamba wa mchanga na chokaa yenye matundu: maji ya ufa huweza kusafiri ndani yake kwenda mbali, yakafuata tabaka moja na kuacha la jirani, na matokeo yakaonekana kama ni ya mashapo.

Kuna pia hali ambapo rangi ya mwamba inakupa jibu mapema. Mwamba wa mchanga mwekundu ni mwekundu kwa sababu ya oksaidi ya chuma, na kwa kawaida hauna mabaki ya viumbe ya kuwalisha bakteria. Ukiukuta umepauka kandokando ya ufa, na kwenye mpauko huo kuna piriti, basi kitu kilipanda: mafuta, gesi, au maji yenye haidrojeni salfaidi. Mpauko wa namna hiyo unaonekana vizuri kando ya ufa wa Moab huko Utah. Kusini mwa Texas, haidrojeni salfaidi iliyopanda kupitia nyufa ilitengeneza piriti kwenye miamba ya mchanga, na piriti hiyo ikachangia kuikamata urani iliyopita humo baadaye. Ukiwa na mwamba mwekundu, basi, mashaka yaegemeze upande wa ufa tangu mwanzo.

Jambo moja zaidi, linalosahaulika: karibu na uso wa ardhi ufa hupitisha maji yenye oksijeni, na oksijeni huila piriti. Unaweza kukuta piriti kidogo ufani kuliko mbali, kwa sababu imeshaoza. Tafuta matundu ya mraba yaliyojaa kutu na unga wa njano wa jarositi kabla hujasema haikuwepo.

Kemia: saidizi nzuri, hakimu mbaya

Atomi za salfa si zote zenye uzito sawa; aina hizo za uzito huitwa isotopu, na bakteria hupendelea salfa nyepesi. Maabara hutoa namba kwa elfu ikilinganisha na kipimo cha rejea: namba ikishuka, salfa nyepesi imezidi. Salfeti ya bahari ya leo iko kwenye +21 kwa elfu, na piriti wanayoitengeneza inaweza kuwa chini yake kwa hadi takriban 70, kwa hiyo namba kama -20 au -40 ni za kawaida. Salfa ya magma hukaa karibu na sifuri. Ingeishia hapo ingekuwa raha. Lakini matope yakifungika na salfeti isiongezwe, bakteria humaliza ile nyepesi na kulazimika kutumia nzito, na piriti ya mashapo halisi ikapanda hadi juu ya sifuri. Na mahali penye joto linalozidi nyuzi 100 za Selsiasi hivi, salfeti huweza kugeuzwa bila bakteria, ikatoa salfa nzito inayokaribia chanzo chake. Namba moja ya sampuli iliyosagwa yote pamoja, kwa hiyo, haina maana. Mtawanyiko wa namba nyingi, kutoka kiini hadi ukingo wa punje, ndio unaosema.

Uwiano wa kobalti na nikeli umetumika tangu zamani: chini ya 1 huhesabiwa ni ya mashapo, juu ya 1 ya maji moto. Unatumika kupita kiasi. Kwa piriti ya mashapo unafanya kazi kiasi, lakini ya maji moto hutawanyika pande zote, na ikiwa maji yalipitia miamba yenye nikeli uwiano hugeuka.

Aseniki ni ya kuaminika zaidi, kwa sababu inaonekana kwenye picha. Mfano mkuu ni Carlin, Nevada. Dhahabu yake iligunduliwa mwaka 1961 na uchimbaji ukaanza kutoa dhahabu mwaka 1965. Watafutaji wa awali waliokuwa wakichekecha mchanga wa mito hawakuwa na namna ya kuiona, kwa kuwa imo ndani ya piriti kwa ukubwa usioonekana. Chini ya hadubini ya elektroni, punje ya hapo ina kiini cha zamani na ukingo mwembamba unaong'aa zaidi kwa sababu ya aseniki, na dhahabu iko kwenye ukingo huo. Maji moto yalipanda kupitia nyufa, yakapata chuma ndani ya chokaa chafu, yakaongeza tabaka juu ya piriti iliyokuwepo. Punje moja ina asili mbili, na thamani yote iko kwenye mikromita chache za nje.

Kwa muhtasari wa kubeba porini, si wa kuapia:

| Cha kuangalia | Ya mashapo | Ya maji moto ya ufa |
|---|---|---|
| Umbo | framboidi, vinundu, visukuku | kete na fuwele wazi, mishipa |
| Tabaka | hupinda kuizunguka | hukatwa nayo |
| Umbali na ufa | haujali | hupungua ukisogea |
| Majirani | mabaki meusi ya viumbe | kwotsi, kalsaiti, zinki, risasi |
| Isotopu za salfa | zimetawanyika, nyingi hasi | hutegemea chanzo, mara nyingi zimebanana |

Jamaa wawili wa kuwa macho nao

Markasiti ina kemia ileile, chuma kimoja kwa salfa mbili, lakini mpangilio wake ni tofauti. Imepauka, fuwele zake ni kama ncha za mkuki, na huoza haraka kabatini. Huashiria maji yenye asidi na joto la chini, kwa hiyo inakwambia hali ya maji kuliko inavyokwambia njia yaliyopita.

Piriti ya mviringo kama changarawe, iliyobebwa na mito, hupatikana kwenye miamba ya kale sana kama ile ya Witwatersrand, Afrika Kusini. Ilinusurika kwa kuwa hewa ya wakati huo haikuwa na oksijeni ya kutosha kuiozesha. Kwenye miamba yenye umri chini ya miaka bilioni 2.3 hivi, usiitarajie.

Utachagua nini, kwa kazi gani

Kwa anayetafuta madini swali ni moja: je, kuna ukingo wa baadaye juu ya piriti ya zamani? Kwa mhandisi swali ni jingine kabisa, na hapo piriti ya mashapo ndiyo yenye hatari zaidi. Framboidi zina uso mkubwa kwa uzito mdogo, kwa hiyo zikipata hewa na maji hutoa asidi ya salfuriki haraka, asidi hukutana na chokaa, jasi hukua, na mwamba huvimba. Nyumba nyingi za Dublin na maeneo ya jirani zilipasuka sakafu na kuta kwa sababu mwamba wa matope wenye piriti ulisagwa na kutandazwa chini ya sakafu, hadi mwaka 2013 ikapitishwa sheria ya kushughulikia ukarabati wake. Kete kubwa za mshipa zingekaa kimya muda mrefu zaidi. Mhandisi, basi, apime jumla ya salfa na atazame ukubwa wa punje. Ufa unaweza kumsubiri.

Ukiwa na fedha ya kazi moja tu ya maabara, usianze na isotopu wala uwiano wa kobalti. Kata sampuli mbili zenye mwelekeo ulioandikwa, moja ikivuka ukingo wa ufa na nyingine ya tabaka lilelile mbali nao, uzing'arishe na kuzitazama kwa hadubini ya mwanga unaoakisiwa. Mpaka wa kiini na ukingo ukijificha, asidi ya naitriki kidogo huufichua. Kama sampuli zote mbili zina framboidi zilezile na hakuna ukingo, funga faili la ufa. Kama ya ufani ina ukingo na ya mbali haina, umeshajua ni mikromita zipi za kuzipeleka kwenye kipimo ghali.